Mkamchome sindano, halafu?

Ukiwa na binti mwenye ulemavu wa akili nyumbani kuna ushauri utaletewa hata kama hujauomba, na unakuja mapema, mtoto akishavunja ungo tu watu wanaanza: mkamchome sindano. Anakwambia jirani, anakwambia shangazi aliyekuja kusalimia mara moja kwa mwaka, na wakati mwingine anakwambia nesi mwenyewe pale kliniki, tena kwa sauti ya upole ya mtu anayekuonea huruma. Wanamaanisha sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. "Msije mkaletewa mzigo juu ya mzigo." Mdogo wangu ana Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili, saivi ana miaka 26, na hayo maneno yamesemwa mbele yake, yeye amekaa palepale anakula, kama vile anayeongelewa ni mtu wa mtaa mwingine.

Naomba nieleweke kabla sijaendelea. Sina ugomvi na uzazi wa mpango. Mwanamke mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kuutumia kama mwanamke yeyote, na wapo wanaouhitaji kweli, wengine kwa ajili ya mimba na wengine kwa sababu hedhi zao ni nzito mno na zinawatesa. Ninachopinga ni pale sindano inapogeuka kuwa ndo elimu yote, yaani tumeshachoma, tumemaliza, hakuna haja ya kumwambia chochote kuhusu mwili wake kwa sababu "hata akiambiwa hataelewa".

Sasa tufikirie pamoja. Sindano inazuia nini? Inazuia mimba. Haizuii mkono wa mtu. Haizuii virusi vya Ukimwi, haizuii kaswende wala kisonono. Na wanaowafanyia ukatili hawa mabinti mara nyingi sio watu wasiojulikana wa vichakani, ni yule anayeingia kwenu bila kupiga hodi, ndugu, jirani, anayempeleka shule, anayeaminiwa kubaki naye mama akienda sokoni. Mtu kama huyo kitu anachokiogopa ni tumbo, kwa sababu anajua binti hatasema, na akisema hataaminiwa, lakini tumbo halifichiki. Ukishamchoma sindano bila kumfundisha, lile tumbo ulilokuwa unaliogopa wewe na yule naye ameacha kuliogopa. Kwenye familia nyingi mimba ndo imekuwa njia pekee ya watu wazima kugundua kwamba kuna kitu kinaendelea ndani ya nyumba yao. Mkiiondoa mimba peke yake na mengine yote mkayaacha vilevile, inaweza ikapita miaka na nyie mnasema mtoto yuko salama.

Najua ni maneno makali. Lakini kila nikijaribu kuyalainisha naona nawaficha watu jambo.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa uchambuzi uliofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, waliunganisha tafiti 17 za nchi tajiri kuhusu ukatili kwa watoto wenye ulemavu, na watoto wenye ulemavu wa akili pamoja na wenye matatizo ya afya ya akili walionekana kuwa na uwezekano wa kufanyiwa ukatili wa kingono mara 4.6 zaidi ya wenzao wasio na ulemavu. Hizo ni nchi zenye maafisa ustawi wa kutosha, zenye usafiri maalumu wa shule, zenye namba za simu ambazo mtu akipiga anakuja mtu. Hapa kwetu binti anashinda nyumbani na yeyote aliyebaki.

Kwanini wao zaidi? Watu wanajibu haraka, "kwa sababu hawaelewi." Mimi nakaa na mmoja wao tangu azaliwe na nawaambia sio hivyo, au tuseme hiyo ni sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ni jinsi tunavyowalea. Tunawalea watii. Mtoto mwingine akikataa kumpa anko mkono tunacheka tunasema ana aibu, huyu wetu akikataa anasukumwa, "nenda msalimie, mkumbatie, usiwe hivyo." Anavuliwa nguo na kuogeshwa na mtu yeyote aliyepo, mlango wazi, hadi akiwa na miaka 15, kwa sababu "huyu bado mtoto." Shuleni akifanya alichoambiwa anapewa biskuti. Yaani kila siku ya maisha yake anafundishwa jambo moja: mtu mkubwa akikwambia fanya, fanya, na ukifanya utapewa kitu kitamu. Halafu siku moja anatokea mtu mkubwa na pipi mkononi, na sisi tunashangaa kwanini hakupiga kelele. Angeijulia wapi hiyo kelele wakati kila akiitoa tulikuwa tunamnyamazisha?

Kwa hiyo nyumbani kwetu elimu ya afya ya uzazi ilianzia kwenye uji. Nilikuwa nimesoma na kuulizia kwa walimu wa elimu maalumu, na mmoja aliyesomea kule Patandi, Arusha, aliniambia kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye vipeperushi vya afya: msimfundishe kumkatalia mwanaume kama hajawahi kuruhusiwa kumkatalia mama yake. Basi tukaanza. Unataka uji au chai? Hataki uji, sawa, hapewi uji. Gauni lipi leo? Akisema hataki kukumbatiwa na mgeni, mgeni anaambiwa kwa heshima kwamba hataki, na hakuna anayemgombeza baadaye jikoni. Mama ilimuwia vigumu sana, kwa kizazi chake mtoto kumkatalia mgeni ni aibu ya nyumba nzima, na majirani walishaanza kusema kwamba yule binti siku hizi ana kiburi. Mimi nilifurahi kusikia ana kiburi.

Shikamoo ilitusaidia sana hapa. Shikamoo ni heshima kamili na haihitaji kumgusa mtu, unaitoa ukiwa umesimama mlangoni, unaitikiwa marahaba, imeisha. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kulalamika kwamba binti hana adabu. Tukachora miduara uani kwa chaki, mmoja ndani ya mwingine. Katikati yupo yeye peke yake. Mduara unaofuata ni mama na mimi, hawa unaweza kuwakumbatia ukitaka. Unaofuata ni ndugu na marafiki, hawa mkono. Unaofuata ni watu wa dukani, dereva wa daladala, mwalimu, hawa shikamoo au mambo, basi. Nje kabisa ni watu usiowajua. Akawa anasimama mwenyewe kwenye duara huku mimi nikijifanya huyu au yule, mvua ikifuta chaki tunachora tena, na hiyo kurudia ndo siri yenyewe, kwa sababu yeye jambo haliingii kwa kuambiwa mara moja, linaingia kwa kulifanya tena na tena na tena mpaka mwili wenyewe umezoea. Na kuna swali aliniuliza akiwa amesimama pale ambalo sikuwa nimeliandaa, aliuliza daktari anakaa duara gani. Ikabidi tumwekee sheria yake daktari: anagusa ukiwa unaumwa, mama au dada yupo ndani ya chumba, na anakwambia kwanza anataka kugusa wapi.

Majina ya viungo nayo yanafundishwa. Hapa ndo nilipopata upinzani mkubwa, maana Waswahili tuna namna mia za kuzunguka, "huko chini," "kule," "mbele," "kitumbua," na kwa mtu mwenye akili ya haraka haina shida, anajua unasema nini. Mdogo wangu yeye ukimwambia "asikushike huko chini" anaangalia miguu yake. Tukamwambia uke, matiti, matako, uume, kwa sauti ileile tunayosemea goti na kiwiko. Alicheka siku ya kwanza kwa sababu sisi tulikuwa tunaona aibu na yeye aliiona aibu yetu, baadaye ikawa kawaida. Kuna sababu kubwa nyuma ya hili: siku akiwa anawashwa au anatoka uchafu wenye harufu aweze kusema ni wapi, na siku akiguswa aweze kusema ni wapi.

Hedhi ilikuwa rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kule Nepal kuna kampeni inaitwa Bishesta, imetengenezwa mahsusi kwa ajili ya mabinti wenye ulemavu wa akili na wanaowalea, wanatumia mwanasesere mwenye chupi na pedi zake ndogo ili binti ajifunze kwa kumvalisha. Sisi mwanasesere wa hivyo hatuna, tukatumia juisi ya rozela. Matone kidogo kwenye pedi, aone rangi, azoee kwamba nyekundu sio kidonda na hakuna aliyemuumiza. Kwenye chupi zake tukachora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale pedi inapoanzia na inapoishia. Kalenda ukutani, anaweka alama mwenyewe. Pedi iliyotumika inafungwa kwenye gazeti, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko, sio chooni, na haionyeshwi kwa wageni (hili la mwisho lilichukua muda). Saivi anajihudumia mwenyewe, na kuna wanawake wenye digrii ninaowajua ambao hawawezi kukwambia siku zao zilianza tarehe ngapi, yeye anakuonyesha kwenye kalenda.

Kuna jambo watu wengi wenye mabinti kama hawa wananiuliza inbox na hawathubutu kuuliza mbele za watu: anajishika. Anajishika sebuleni, anajishika mbele ya wageni, tufanyeje, wengine wameshamchapa, wengine wameshampeleka kuombewa. Jamani, hana pepo. Ana mwili wa mtu mzima unaofanya kazi kama wa kwako, watu wenye Down syndrome wanabalehe umri uleule kama wengine, homoni haziangalii alama za darasani. Kitendo chenyewe hakimdhuru kiafya, na kila nyumba itakuwa na msimamo wake wa dini, siingilii. Ila anachohitaji kufundishwa kwanza ni mahali: sebuleni hapana, kwenye basi hapana, chumbani kwako mlango umefungwa. Unamwambia bila kufoka, unamsindikiza chumbani, kila mara. Na kama ni jambo limeanza ghafla na hakuwa nalo, au anajiumiza, au chupi ina damu au uchafu, hapo peleka hospitali, inaweza kuwa fangasi, inaweza kuwa UTI, na inaweza kuwa kuna mtu amemfundisha. Fimbo itakufungia mlango wa kuyajua yote hayo.

Sasa niwaambie kuhusu kitchen party. Binamu yetu alikuwa anaolewa, tukashona sare, mdogo wangu naye akashonewa kitenge kilekile, akasukwa, akachangia hata zawadi, beseni na vikombe. Somo, yule mwanamke anayemfunda bibi harusi, alipoanza kuongea yale ya chumbani, mmama mmoja akamshika mkono kwa upendo kabisa akamtoa nje akakae na watoto. Alikuwa na miaka 24. Ndani walibaki mabinti wa miaka 19, wengine bado wanafunzi wa chuo, wanacheka na kuuliza maswali. Yeye akakaa nje kwenye kiti cha plastiki na sare yake anagawa soda kwa watoto. Huyo mmama ana roho nzuri, hakutaka kumdhuru mtu, ila hakuwaza kwamba yule naye ni mwanamke.

Na inaniuma kwa sababu watu wa pwani, kuliko wengi, tulikuwa na namna ya kufundisha ambayo ingewafaa watu kama yeye. Unyago, yale mafunzo ya jadi ya msichana aliyevunja ungo, haukuwa wa daftari. Kwa Wazaramo, Wamakonde, Wayao, Wamwera, mwali alifundishwa kwa ngoma, kwa wimbo unaorudiwa mpaka unaota nao usiku, kwa kuigiza, kwa kuonyeshwa, na alikuwa na mtu wake, somo au kungwi, anayebaki naye hata baada ya ngoma kwisha. Bi Kidude, ambaye dunia inamkumbuka kwa taarab, alikuwa mwalimu mkubwa wa unyago Zanzibar mpaka uzeeni, alifariki 2013. Ukikaa na walimu wa elimu maalumu wakakueleza mbinu zao, rudia, onyesha, imba, igiza, mtu mmoja anayeaminika, unabaki unajiuliza kwani kungwi alikuwa anafanya nini kama sio hayo. Sisemi turudishe kila kitu. Zipo sehemu unyago unafanywa kwa watoto wadogo mno, na mengi yanayofundishwa ni jinsi ya kumfurahisha mwanaume, hayo siyataki kwa mtoto yeyote na kwa mdogo wangu ndo kabisa, maana yeye ameshafundishwa kufurahisha watu maisha yake yote. Nataka mbinu. Kama kuna makungwi wanasoma hapa, njooni tuongee.

Kwenye sheria sitakaa sana. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, na kifungu cha 23 kinasema watu wenye ulemavu wanabaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine, cha 25 kinataja huduma za afya ya uzazi kwa kiwango kilekile wanachopewa wengine. Kwa hiyo yule anayewashauri "mfungeni kizazi kabisa mpumzike," bila binti mwenyewe kuelezwa na kukubali, anawashauri kumvunjia haki yake. Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu cha 137, kinamlenga anayemwingilia mwanamke huku akijua kwamba ana ulemavu wa akili, adhabu inafika miaka 14, ingawa lugha iliyotumika humo ni ya kikoloni na inachoma moyo kuisoma. Na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kutia hatiani kwenye makosa ya kingono kwa ushahidi wa aliyefanyiwa peke yake, kama mahakama imeridhika anasema kweli. Soma hiyo tena. Maana yake maneno ya mdogo wangu yanaweza kutosha, mradi awe nayo hayo maneno. Majirani zetu Kenya wameweka kabisa kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 50(7), kwamba mahakama inaweza kumruhusu mtu wa kati amsaidie mlalamikaji kuwasiliana, na ningependa sana kuona jambo hilo linazoeleka kwetu.

Wanaosema "tunamkinga" wakasome habari ya Carrie Buck wa Virginia, Marekani. Alikuwa msichana aliyelelewa na familia ya watu, akabakwa na ndugu wa familia hiyo, akapata mimba, na badala ya mbakaji kutafutwa yeye ndo akapelekwa kwenye taasisi kwamba hana akili timamu. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya nchi yao ikaamua kwa kura 8 kwa 1 kwamba serikali inaweza kumfunga kizazi, na jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya majuha vinatosha. Binti yake Carrie, aliyehesabiwa kuwa kizazi cha tatu cha huo ujuha, alipoanza shule aliingia kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, akafariki akiwa na miaka 8. Karibu miaka 100 imepita na mazungumzo ya barazani kwetu yanafuata njia ileile, tumbo likionekana anashughulikiwa msichana.

Kliniki nako kuna kazi. Mkiamua uzazi wa mpango, na naomba "mkiamua" iwe na yeye ndani yake, aelezwe kwa picha, ashike kile kijiti cha mfano, aulizwe, apewe muda wa kurudi siku nyingine. Wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia, na dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital zinapunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti, kwa hiyo lazima umtajie nesi dawa zote anazotumia, usisubiri aulize. Sindano ya miezi mitatu dawa hizo haziisumbui sana, ila ikitumika miaka mingi inapunguza uimara wa mifupa, na inavuruga hedhi, na hedhi ikivurugika bila maelezo mtu wa kalenda kama mdogo wangu anapata hofu kweli. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, ilianza kutolewa nchini 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja, ikatolewa kwa wa miaka 9 mpaka 14. Inatolewa sana mashuleni, na mnajua ni nani hayupo shuleni. Mpeleke mwenyewe kituo cha afya. Na akifika umri wa kupimwa saratani hiyo, ile ya kupakwa siki, msimpeleke siku hiyohiyo akapandishwe kitandani na kutanuliwa miguu na mtu asiyemjua, baada ya kumfundisha miaka yote kwamba asiruhusu hilo. Mpelekeni kwanza akaone chumba tu, amjue nesi, arudi nyumbani.

Halafu kuna kupenda, ambalo ndo watu hawataki kabisa kulisikia. Mdogo wangu ana rafiki wa kiume, walikutana kwenye kituo cha ufundi, naye ana ulemavu wa akili. Wanashikana mikono. Anataka kuolewa, anataka keki na shela, anaulizia mara kwa mara. Mama anaumia kila akisikia na mimi simlaumu, anawaza nani atalea, nani atalipa, yeye akifa je. Tumefika mahali ambapo kijana anakuja Jumapili, mama yake anajua, wanakaa barazani wanaangalia simu, na wote wawili wamefundishwa kumuuliza mwenzake kabla ya kumgusa, kwa sababu kijana naye ni mtu wa kufundishwa na naye anaweza kudhurika. Zaidi ya hapo mimi na mama bado tunabishana, na siku hizi tunabishana mdogo wangu akiwepo, anasema na yeye.

La mwisho ni lile ambalo hakuna anayetaka kulihitaji, ila lijueni kabla. Binti akisema kuna mtu amemfanyia kitu, mwamini kwanza. Msimuogeshe, nguo alizovaa msifue, ziwekeni kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa plastiki. Wahini hospitali, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na ni za siku 28, za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120, na zote kadri mnavyowahi ndo zinavyofanya kazi. Polisi nendeni Dawati la Jinsia na Watoto, mtapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, au kama karibu yenu kuna kituo cha Mkono kwa Mkono nendeni huko moja kwa moja, daktari, polisi na ustawi wa jamii mnawapata sehemu moja. Kama ni mtoto, namba ni 116, bure. Msimuulize "ni anko fulani eeh?" maana kwa malezi niliyoyaeleza anaweza kuitikia ndiyo kwa kila jina mtakalotaja, na kesi itafia hapo. Muulizeni nini kilitokea, kisha nini, na mmuache aseme. Muda msimuulize kwa saa, muulizeni ilikuwa kabla ya kula au baada, jua lilikuwepo au taa ilikuwa imewashwa, kwenye TV kulikuwa na nini. Kuna mtu mmoja tu wa kumuuliza, sio ukoo mzima kila mmoja na zamu yake. Na akishatibiwa arudi kwenye ratiba yake, shule, kituo, msikitini au kanisani, sokoni na mama, asifungiwe ndani kwa kosa la mtu mwingine.